Mzigo mwepesi unaoua valvu: uchambuzi wa kisa cha amplifaya ya bendi

Amplifaya moja ya gitaa ilikuwa ikiua valvu zake za mwisho, ile mirija ya kioo inayosukuma spika. Ikabadilishiwa valvu, ikaua tena. Ikawekewa za kiwanda kingine, ikaua hizo pia. Na kila ilipopimwa mezani ilionekana nzima. Majina ya watu, ya bendi na ya mji nimeyaondoa, na chapa ya mashine siitaji kwa kuwa walioiunda hawakuwa na kosa lolote. Namba nimeziacha, maana kisa chote kimo ndani ya namba hizo.

Nawaandikia hasa mafundi waliojifunzia kazi kwenye vyombo vya transista, ambao leo ndio wengi, na ambao huletewa amplifaya ya valvu mara chache. Kwenye transista tumezoea kwamba omu nyingi upande wa spika, yaani mzigo mwepesi, ni usalama. Kwenye valvu za aina ya pentodi (zenye elektrodi tano ndani) zinazotoa sauti kupitia transfoma, jambo hilo si kweli, na kutokulijua kuliigharimu bendi hii fedha nyingi.

## Usuli

Bendi ni ya muziki wa dansi, katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, na hupiga hotelini mwishoni mwa wiki. Amplifaya ni ya mpiga gitaa la solo: mashine ya Kiingereza ya mwishoni mwa miaka ya 1960, yenye kichwa peke yake na kasha la spika peke yake. Ndani ya kichwa mna valvu ndogo tatu za ECC83 mwanzoni na EL34 mbili mwishoni. Hizo mbili hufanya kazi kwa kupokezana, moja ikichukua nusu ya wimbi na nyingine ikichukua nusu iliyobaki. Nguvu yake ni wati 50 hivi.

EL34 asili yake ni Philips wa Uholanzi, lakini mpya za siku hizi hutoka Urusi, China na Slovakia. Kwa fundi wa huku maana yake ni moja: huagizwa, hulipiwa usafiri, husubiriwa. Jozi ikifa, bendi inapiga bila solo au inaazima chombo cha watu.

Kati ya valvu na spika kuna transfoma ya kutolea sauti. Valvu hutaka volti mamia na mkondo mdogo, sehemu ya ampea. Spika hutaka volti chache na ampea kadhaa. Transfoma ndiyo inayowapatanisha. Hapa ndipo wengi wetu hupotea, kwa hiyo nilikazie. Transfoma haina omu zake yenyewe. Imeandikwa 4, 8 na 16 nyuma ya kichwa, lakini hayo ni maelekezo, si mali ya chuma wala ya waya. Inachomiliki ni uwiano wa mizunguko tu. Chukua uwiano huo, ukizidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa omu za spika iliyofungwa kweli: unachopata ndicho valvu inachokiona. Ukibadilisha spika, umebadilisha kile valvu inachokiona, hata kama hujaigusa mashine.

Valvu hizi mbili, kwa volti 430 zilizopewa, zilipangiwa kuona omu 3,400 kutoka anodi (bamba linalopokea elektroni) hadi anodi. Hicho ni kiwango cha kawaida kwa jozi ya EL34 katika amplifaya za gitaa za wati 50.

Mashine ilipotoka kiwandani ilikuwa na swichi ya kuchagua 4, 8 au 16. Miaka mingi iliyopita swichi hiyo ilivunjika. Wakati huo bendi ilikuwa inatumia makasha mawili ya omu 8, yakiwa yameunganishwa sambamba, na jumla ya hayo ni omu 4. Fundi wa enzi hizo akaitoa swichi mbovu na kulehemu waya wa tawi la omu 4 la transfoma moja kwa moja kwenye jeki ya spika. Alifanya sahihi kabisa kwa vyombo alivyovikuta. Ila hakuandika popote.

Baadaye makasha yale yaliondoka, na kasha la zamani lililokuja na mashine likatolewa stoo. Lina spika nne za inchi 12, kila moja omu 16, mbili mbili kwa mfuatano kisha sambamba, jumla omu 16. Aliyelirudisha naye alifanya sahihi: lilikuwa kasha la mashine ileile. Kosa likazaliwa kati ya maamuzi mawili yaliyokuwa sawa.

## Kilichotokea

Dalili ya kwanza haikuwa kufa kwa valvu. Mpiga gitaa alilalamika kwamba sauti imekuwa nyembamba, inakwaruza juu, na kuna noti moja ya chini inayovuma kuliko zenzake. Akaongeza sauti. Kiongozi wa bendi akadhani spika zimechoka kwa kukaa stoo.

Wiki chache baadaye, katikati ya onyesho, fyuzi ilikatika. Fundi wa mjini, nitamwita fundi wa kwanza, alikuta EL34 moja ina njia fupi ndani na rezista ya skrini (gridi ya pili, iliyo kati ya gridi ya kwanza na anodi) ya valvu hiyo imekuwa mkaa. Akaweka jozi mpya na rezista mpya, tena za wati nyingi zaidi, akiipandisha thamani kutoka omu 470 hadi omu 1,000. Akapima bayasi, yaani mkondo wa valvu gitaa likiwa kimya: miliampea 35 kwa kila valvu, kwa volti 430. Hiyo ni wati 15, asilimia 60 ya wati 25 ambazo anodi ya EL34 inaruhusiwa. Hakuna fundi angeweza kumlaumu.

Jozi ile ikafa tena baada ya maonyesho machache. Safari hii palikuwa na dalili mpya: kwenye soketi, kati ya pini ya 3 na pini ya 2, palikuwa na mstari mweusi wa mkaa. Pini ya 3 ya EL34 ni anodi. Ya 2 ni ya waya wa kuipasha valvu joto. Umeme ulikuwa umeruka kutoka anodi, ukachoma plastiki ya soketi na kuacha njia yake hapo.

Fundi wa kwanza akasafisha soketi, akanunua valvu za kiwanda kingine, na akaishusha bayasi hadi miliampea 25 ili, kwa maneno yake, "zipumue". Zikafa vilevile. Ndipo aliponipigia simu.

## Maamuzi ya fundi wa kwanza na sababu zake

Nataka nimtendee haki, maana kila hatua yake ilikuwa na akili ndani yake.

Alishuku umeme wa ukutani. Akapima jioni kadhaa akakuta volti 230 na kitu, hazikuvuka 240. Akaacha njia hiyo. Alishuku kapasita zinazopitisha mawimbi kwenda gridi za EL34, kwa kuwa zikivuja huifuta bayasi na valvu huungua. Akazibadilisha zote mbili. Alishuku valvu zenyewe, na kwa kuwa soko limejaa valvu zilizotumika zikauzwa kama mpya, shaka hiyo nayo ilikuwa ya haki.

Alichokosa ni kimoja. Kila mara mashine ilipoletwa kwake, kililetwa kichwa peke yake. Kasha ni zito, gari la kukodi ni ghali, na mezani kwake tayari palikuwa na spika ya majaribio ya omu 8. Kwa hiyo alijaribu kwa omu 8 kwenye tawi la omu 4, na valvu zikaona omu 6,800: mara mbili ya zinazotakiwa, hali inayovumilika, hasa kwa sauti ya chini ya karakana. Mashine ikapita mtihani, ikarudi hotelini, ikafungwa kwenye omu 16, ikafa.

Mzigo ni nusu ya saketi. Nusu hiyo haikuwahi kufika karakana.

Kulikuwa na jambo jingine lililompoteza. Alinieleza kwamba alizima taa za karakana akatazama anodi kama zinakuwa nyekundu, na hazikuwa nyekundu hata kidogo. Akahitimisha kwamba valvu hazizidiwi. Nitalirudia hili, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kisa hiki: anodi zilikuwa za baridi kwa sababu ileile iliyozifanya valvu zife.

## Vipimo vilivyofungua kisa

Nilimwomba vitu viwili kwanza: kichwa kije pamoja na kasha lake na waya wake wa spika, na valvu zilizokufa zisitupwe. Alikuwa amezihifadhi zote kwenye boksi. Ukiitazama EL34 kwa tochi kupitia mwanya ulio kati ya mabawa ya anodi, unaona nyaya nyembamba za gridi zake. Katika valvu hizi nyaya za skrini zilikuwa zimelegea na kupinda, na katika moja zimeigusa gridi ya jirani. Anodi zenyewe zilikuwa safi, rangi ya kijivu haijabadilika. Basi muuaji alikuwa ameshaacha alama: joto lilikuwa kwenye skrini, si kwenye anodi.

Kabla ya kugusa chochote kingine tulichomoa mashine ukutani na kuzimwaga kapasita za volti kubwa kupitia rezista, tukahakikisha kwa mita kwamba zimeshuka hadi sifuri. Volti 430 zilizohifadhiwa kwenye kapasita zinaua mtu hata mashine ikiwa imechomolewa, na hili halina mjadala.

Kisha tukaipima transfoma. Kupima omu zake kwa mita ya kawaida hakusaidii: tulipata omu 37 upande mmoja wa koili ya kwanza na omu 43 upande wa pili, na hizo ni omu za waya wa shaba tu. (Tofauti kati ya pande mbili isimtishe mtu, nusu inayozungushwa nje hutumia waya mrefu zaidi kwa mizunguko ileile.) Namna sahihi ni kuupata uwiano. Tulitoa EL34 zote mbili, tukachomoa kasha, tukaingiza volti 3.0 za umeme wa kupishana kutoka transfoma ndogo kwenye jeki ya spika, halafu tukapima kati ya anodi na anodi. Mita ilisoma volti 87.6. Asiyetarajia hilo ataguswa na umeme, kwa hiyo mikono ikae mbali.

87.6 gawanya kwa 3.0 ni 29.2. Zidisha 29.2 kwa 29.2, unapata kama 850. Hiyo 850 ndiyo namba ya kukumbuka: kila omu moja kwenye jeki ile, valvu zinaiona kama omu 850. Kwa omu 4 zinaona 3,400, kama mchoro unavyotaka. Kwa hiyo jeki ilikuwa kwenye tawi la omu 4. Waya wa tawi la omu 16 tuliukuta umefungwa utepe na kukunjwa kando ya chesi. Tulipoujaribu kwa volti 3.0 zilezile, anodi kwa anodi zilitoka volti 43.8, yaani uwiano wa 14.6, na kila omu ikawa kama 213.

Chanzo chetu cha volti 3 kilikuwa kinavuta chini ya miliampea 100. Hilo lilitupa faraja, kwa kuwa transfoma yenye mizunguko iliyogusana ndani ingevuta mkondo mkubwa papo hapo.

Mwisho, kasha. Mita ilisoma omu 12.6 kwenye plagi. Spika ya omu 16 husoma pungufu kidogo kwa umeme mnyoofu, kwa hiyo hilo ni kasha la omu 16. Tukaendelea kulipima kwa masafa mbalimbali, kwa rezista ya mfuatano na programu ya simu inayotoa milio. Kwenye hezi 400 lilikuwa karibu na 16 kweli. Karibu na hezi 90, pale ambapo koni hutikisika kwa urahisi kuliko popote, lilipanda kupita omu 60. Juu, kwenye milio mikali, lilikuwa zaidi ya 30. Spika ya "omu 16" ni ya omu 16 sehemu ndogo tu ya njia yake.

## Valvu zilikuwa zinaona nini

Kasha la omu 16 kwenye jeki ya 850 ni omu 13,600. Mara nne ya kinachotakiwa. Kwenye ile noti ya chini inayovuma, ni zaidi ya omu 50,000.

Wakati wa sauti kubwa, valvu moja ikiwa kazini nyingine huwa imezima, na iliyo kazini hushughulika na nusu moja ya koili. Nusu ya mizunguko ni robo ya omu. Kwa mzigo sahihi, valvu hukabiliana na omu 850. Kwa mzigo wetu mbaya, omu 3,400.

Mzigo sahihi kwanza. Volti 430 hushuka hadi 380 hivi mashine inapovuta kwa nguvu. EL34 inaweza kuishusha anodi yake hadi kama volti 80. Mtikisiko ni volti 300. Gawanya kwa 850, mkondo wa kilele ni miliampea 353. Nguvu inayotoka ni wati 53. Wastani wa mkondo kutoka kwenye ugavi ni miliampea 225, yaani wati 85 zimeingia. 53 zimetoka kwenye spika na 32 zimebaki kama joto, 16 kwa kila anodi. Kila kitu kiko ndani ya mipaka.

Sasa mzigo wa omu 3,400 kwa valvu. Ugavi haushuki sana kwa kuwa hauvutwi, tuseme unabaki 420. Anodi inashuka hadi volti 50. Mtikisiko ni 370, lakini mkondo wa kilele ni miliampea 109 tu. Nguvu inayotoka ni wati 20. Wastani wa mkondo wa anodi ni miliampea 69, wati 29 zimeingia, 20 zimetoka, na anodi zote mbili zinagawana wati 9. Ndiyo maana hazikuwa nyekundu. Zilikuwa zinapumzika.

Basi nini kiliungua? Gridi ya kwanza ya valvu, inapofikishwa karibu na sifuri, huachilia elektroni za kutosha miliampea 350. Haiulizi mzigo uko vipi. Mzigo ukiruhusu miliampea 109 tu zipite kwenye anodi, volti za anodi huanguka chini kabisa, chini ya goti la mchoro wa valvu (pale mkondo wa anodi unapoanza kuporomoka), na anodi hupoteza nguvu ya kuvuta. Lakini skrini bado ina volti 400 mbele ya elektroni hizo. Zinakwenda huko. Skrini ya EL34 ni waya mwembamba uliozungushwa, na mpaka wake ni wati 8.

Tulilithibitisha kwa kipimo, tukitumia valvu za zamani ambazo bado zilikuwa na uhai. Rezista ya skrini ni omu 1,000, hivyo kila volti juu yake ni miliampea moja. Kwa mzigo mbaya na sauti kubwa tulisoma wastani wa volti 30: miliampea 30 kwa volti 400 hivi, wati 12. Kwa mzigo sahihi na sauti kubwa vilevile tulisoma volti 16, wati 6.4. Jaribio la kwanza tuliliendesha kwa sekunde chache tu.

Kuhusu cheche ya soketi: hata kwa mzigo sahihi, anodi iliyozima hupanda hadi karibu mara mbili ya ugavi, kama volti 700, kwa kuwa nusu ya pili ya transfoma inaisukuma juu. Mzigo ukiwa mwepesi, na wimbi likiwa limekatwa kichwa kwa sauti kubwa, transfoma na koili za spika haziachi mkondo wake ufe ghafla bila kurudisha ncha ya volti. Mzigo mzito ungeimeza ncha hiyo. Mzigo mwepesi haukuimeza, ikapanda juu ya volti 1,000 na kutafuta njia, na pini ya 2 ilikuwa jirani.

## Tulichoamua na kwa nini

Jambo la kwanza lilikuwa kuhamisha waya: jeki ikaenda tawi la omu 16. Kazi ya dakika chache baada ya wiki za kununua valvu.

Fundi wa kwanza alitaka kurudisha swichi ya kuchagua. Nilipinga. Swichi nzuri inayobeba ampea kadhaa bila kuachia ni ngumu kupata mjini, na swichi inayoachia katikati ya wimbo huiacha mashine bila mzigo wowote, hali mbaya kuliko zote tulizokwisha kuziona. Tuliweka jeki mbili, moja ya omu 16 na nyingine ya omu 8, na tukachora namba hizo kwa rangi nyeupe nyuma ya kichwa. Ndani ya kifuniko cha chesi tukabandika karatasi: tarehe, uwiano tulioupima kwa kila tawi, na bayasi.

Soketi iliyoungua tuliitoa. Kuikwangua haitoshi, mkaa ukishaingia ndani ya plastiki utaendelea kupitisha umeme. Tukaweka ya kauri. Kwenye kila anodi tukaongeza diodi tatu za 1N4007 kwa mfuatano kwenda ardhini, kwa upande ambao kwa kawaida hazipitishi. Anodi moja inaporushwa juu kupita kiasi, ya upande wa pili husukumwa chini ya sifuri, na hapo diodi zake hufunguka na kuibana. Wengine hupinga nyongeza hii kwa hoja kwamba mashine ya kale iachwe ilivyo. Naiheshimu hoja hiyo kwa mashine ya makumbusho. Hii ni ya kazi, na transfoma yake haina mbadala dukani.

Bayasi tuliirudisha kwenye miliampea 35. Kuishusha hadi 25 kulikuwa kumeongeza mkwaruzo kwenye noti laini, na mpiga gitaa alikuwa akiufunika kwa kuongeza sauti, akizidi kuziumiza skrini.

## Matokeo

Kwa jaribio la nguvu hatukutumia kasha, tusije tukaharibu masikio na spika. Tuliunganisha koili tatu za jiko la umeme za wati 1,000 sambamba. Kila moja ni karibu omu 53, jumla omu 17.6, na mzigo wa namna hiyo unabeba wati 50 bila hata kupata joto la maana. Kwenye tawi la omu 4, kabla wimbi halijaanza kukatika, tulipata volti 17.9, yaani wati 18. Kwenye tawi la omu 16 tulipata volti 29.5, wati 49. Hesabu na kipimo vilikutana.

Kiongozi wa bendi alikuja kuisikiliza. "Mzee, spika ni zilezile?" aliuliza mara mbili. Zilezile. Ule uvumaji wa noti moja ulikuwa umetulia na juu hapakwaruzi tena. Pentodi inafanana na chanzo cha mkondo, si cha volti. Upinzani wake wa ndani ni kama omu 15,000. Mahali spika inapopandisha omu zake, pentodi hupandisha volti. Mzigo ulipokuwa juu mno, milima yote ya spika ilisikika.

Jozi mpya imeshamaliza msimu wa sikukuu na inaendelea. Transfoma nayo inaendelea, ingawa nilimwambia mwenye mashine wazi kwamba insulesheni yake ilipigwa na volti nyingi kwa muda mrefu, na kwamba mita yetu ya betri haiwezi kuonyesha udhaifu unaojitokeza kwenye volti elfu moja pekee. Aliamua kuweka fedha kando. Naona aliamua vema.

## Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni tabia ya fundi wa kwanza ya kutotupa kitu. Bila zile valvu za boksini tungeendelea kubishana kuhusu umeme wa ukutani. Skrini iliyolegea pamoja na anodi safi ni ushahidi unaoelekeza upande mmoja: mzigo mwepesi mno, au volti za skrini kubwa mno. Volti za skrini zilikuwa sawa. Vilevile ukaguzi wake wa bayasi na kapasita, ingawa haukuponya, ulifunga milango ambayo tungelazimika kuifungua upya.

Kilichoshindwa ni kipimo cha utulivu. Bayasi, volti za ugavi, omu za koili: vyote hivi hupimwa gitaa likiwa kimya, na gitaa likiwa kimya mzigo haupo. Kwa umeme mnyoofu transfoma ni waya tu. Ungeweza kuondoa spika, kuweka ya omu 2 au ya omu 200, na mita isingesogea hata chembe. Mashine hii ingepimwa hivyo mwaka mzima na kutoka na cheti safi.

Kuweka rezista kubwa ya skrini kulirefusha maisha ya valvu kidogo, na hilo lenyewe lilidanganya. Jozi ya pili ilidumu zaidi ya ya kwanza, ikaonekana kama tumekaribia. Dawa inayopunguza homa bila kugusa ugonjwa huchelewesha uchunguzi.

Lakini mzizi ninaouona mimi ni mazoea ya transista. Amplifaya ya transista ni chanzo cha volti: ukiipa omu 16 badala ya 4 inatoa mkondo robo, inapoa, inaishi. Anayeamini hivyo akikuta kasha la omu 16 kwenye jeki ya omu 4 haoni hatari, anaona tahadhari. Hata katika ulimwengu wa valvu kuna zinazomuunga mkono: triodi kama 300B, yenye upinzani wa ndani wa omu 700 tu na isiyo na skrini ya kuungua, hupokea mzigo wa juu kwa utulivu, hutoa nguvu pungufu na sauti safi zaidi. Pentodi haina upole huo. Kabla ya kusema omu nyingi ni salama, fundi aulize kwanza ni chombo cha aina gani kinachozisukuma.

Hatari ya upande wa pili ipo, na inafaa ihesabiwe ili mtu asiruke majivu akakanyaga moto. Tuseme kasha la omu 4 lingefungwa kwenye tawi la omu 16. Anodi kwa anodi zingekuwa omu 850, na kila valvu ingekabiliana na 212. Mkondo wa miliampea 353 kwenye omu 212 ni mtikisiko wa volti 75 tu, wati 13 kwenye spika. Ugavi ungekuwa unatoa wati 90 hivi. Zinazobaki, 77, zingegawanywa kwa anodi mbili: wati 38 kila moja, juu ya mpaka wa 25. Hapo ndipo unapozima taa na kuona nyekundu.

Sauti ndogo, basi, inaweza kutoka pande zote mbili za kosa, na anodi ndizo zinazotofautisha. Nyekundu: mzigo mzito mno. Za baridi, na rezista za skrini zinanuka: mwepesi mno. Kipimo cha haraka ninachokitumia sasa kwa kila pentodi inayoletwa ni volti juu ya rezista ya skrini wakati gitaa linapigwa kwa nguvu, kwenye kasha la mwenyewe. Na kasha lisipoletwa, kichwa hakipokelewi.